Mlango wa Miaka 33: Pango la Winden na Wasiokubali Kufiwa

Hapana binadamu asiyewahi kutamani kurudi nyuma. Aliyefiwa hutamani siku moja tu ya jana. Aliyeagana vibaya na mzazi wake hutamani saa moja. Tamaa hiyo ndiyo mtaji wa watungaji wa michezo ya televisheni ya kisayansi. Wao hubuni mlango: upande huu ni mwaka huu, na mtu akitokea upande wa pili ni mwaka mwingine kabisa.

Milango ya namna hiyo ni mingi. Leo tutautazama zaidi mmoja, ule wa mchezo wa Kijerumani uitwao Dark, kwa kuwa umejengwa juu ya hesabu ambayo msomaji wa pwani ameiishi tangu utotoni, hata kama hajapata kuikalia akaipiga.

Milango ya kwanza

Kwanza tuwataje waliotangulia. Mchezo wa The Time Tunnel, wa Irwin Allen, ulionyeshwa Marekani kuanzia Septemba 1966 hadi Aprili 1967, vipindi 30. Mlango wake ni handaki lililojengwa na serikali chini ya jangwa la Arizona. Wanasayansi wawili, Tony Newman na Doug Phillips, wanaingia humo na kutupwa kutoka zama moja hadi nyingine. Kituo chao cha kwanza ni meli ya Titanic, mwaka 1912. Wanamwonya nahodha, nahodha hasikii, meli inazama. Baadaye Tony anaangukia Pearl Harbor, mwaka 1941, Wajapani wakiwa karibu kushambulia. Huko ndiko alikopotea baba yake, Tony akiwa mtoto. Anamwona baba, anajiona hata yeye mwenyewe udogoni, lakini baba anakufa vile vile. Mchezo ulikatizwa baada ya msimu mmoja, na mabwana wale wawili hawakupata kurudi kwao.

Mnamo Aprili 6, 1967, Star Trek nayo ilionyesha kipindi cha The City on the Edge of Forever, kilichotungwa na Harlan Ellison. Hapa mlango ni duara kubwa la jiwe lenye uwezo wa kusema, katika sayari iliyokufa. Daktari McCoy, akili zikiwa zimemruka kwa dawa, anajitupa ndani na kufika New York ya mwaka 1930. Kapteni Kirk na Spock wanamfuata. Huko Kirk anampenda Edith Keeler, mwanamke mwema anayewalisha maskini. Kumbe Edith akiishi ataongoza harakati za amani, Marekani itachelewa kuingia vitani, na Ujerumani ya Hitler itatangulia kupata bomu la atomu. Sharti agongwe na gari afe. Daktari anakimbia kumwokoa, na Kirk, ampendaye, ndiye anayemzuia daktari.

Basi tangu hapo sharti la milango hii lilijulikana: kupita unaweza, lakini cha bure hakuna.

Tundu chini ya msitu

Dark ni kazi ya Baran bo Odar na Jantje Friese. Ilianza kuonyeshwa na Netflix Disemba 1, 2017, ikamalizika Juni 2020, vipindi 26 katika misimu mitatu. Mambo yake hutokea Winden, mji mdogo wa kubuni wenye msitu, mvua isiyokatika na mtambo wa umeme wa nyuklia. Chini ya msitu huo mna pango. Ndani ya pango mna mlango wa chuma, na nyuma ya mlango njia nyembamba ambayo mtu huipita kwa kutambaa. Aliyeingia mwaka 2019 anaweza kutokea 1986. Akishika upande mwingine, hutokea 1953. Tena wakati haumngoji mtu. Akikaa siku tatu katika 1986, na kwao 2019 siku tatu zimekwenda.

Kwa nini miaka 33? Mchezo unamtumia mzee mmoja, fundi wa saa aitwaye H. G. Tannhaus, kulieleza hilo. Yeye anasema kalenda zetu zina kasoro, na kwamba kila baada ya miaka 33 jua na mwezi hurejea vilipokuwa.

Hesabu tunayoifunga kila mwaka

Mtazamaji wa Berlin huenda akaiona hesabu hiyo kuwa jambo la ajabu. Mtu wa Lamu, Mombasa au Malindi haimpi taabu. Mwaka wa mwezi una siku 354, pengine 355. Mwaka wa jua una 365. Tofauti ni siku kumi na moja hivi. Ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka, ikatukuta katika kaskazi, na baada ya miaka ikatukuta katika kusi. Zidisha siku hizo kwa miaka 33, utapata karibu mwaka mzima. Mwezi umezunguka majira yote na kurudi ulikoanzia.

Sasa chukua miaka ile ile ya mchezo. Ramadhani ya 1953, yaani mwaka 1372 Hijria, iliingia Mei. Ya 1986, yaani 1406, iliingia Mei. Ya 2019, yaani 1440, iliingia Mei tena. Aliyefungua kinywa kwa tende jioni ya Mei 1986, masika yakinyesha juu ya bati na makuti, alikuja kufuturu jioni ya mfano ule ule mwaka 2019. Mvua ni ile, adhana ni ile, uji ni ule wa pilipili manga. Lakini waliolizunguka sinia si wale. Aliyekuwa akikoroga uji pengine amekwisha zikwa, na aliyekuwa akilia apewe kaimati kabla ya magharibi sasa ana wajukuu.

Siku hurudi, watu hawarudi. Sisi tunalijua hilo kwa kufunga na kufungua. Watu wa Winden wao wanaziona siku zinarudi, wakataka na watu warudi nazo. Hapo ndipo balaa lao linapoanzia.

Baba aliye mtoto

Usiku wa Novemba 4, 2019, mtoto wa miaka kumi na moja, Mikkel Nielsen, anapotea karibu na pango. Anatokea 1986. Anakimbilia kwao na kumkuta baba yake, Ulrich, akiwa kijana wa shule asiyemjua. Muuguzi mmoja anamwonea huruma, anamchukua na kumlea. Mtoto anakua kwa jina la Michael Kahnwald, anaoa, anamzaa Jonas. Mnamo Juni 2019, miezi michache kabla ya Mikkel kupotea, Michael anajinyonga na kuacha barua.

Jonas anaisoma barua hiyo na kuijua siri. Tena ana msichana anayempenda, Martha, ambaye ni dada yake Mikkel. Maana yake mpenzi wake ni shangazi yake, na Ulrich ni babu yake. Kwetu, ambako kabla ya posa huulizwa huyu ni mwana wa nani wa nani, hapo mshenga angejishika kichwa.

Jonas anapita pangoni na kumwona baba yake kwa macho, mtoto mpweke mbali na mama yake. Mkono mmoja ungetosha kumrudisha. Lakini anaambiwa: huyu akirudi hatamwoa mama yako, nawe hutazaliwa. Afanye nini? Amwache mtoto wa watu akue yatima hali wazazi wake wa hai, au amrudishe, yeye mwenyewe afutike? Siku ile anageuka na kuondoka.

Ulrich naye anaingia pangoni kumtafuta mwanawe, ila anatokea 1953. Huko anampiga kwa jiwe mtoto anayeamini atakuja kuwa mwuaji. Mtoto hafi. Ulrich anakamatwa na kufungiwa hadi mvi zikamjaa. Mwaka 1987 anakutana na Mikkel. Kwa baba ni miaka 33 ya kungoja. Kwa mwana ni miezi tu. Wanakimbilia pango, polisi wanawakamata njiani, wanatenganishwa. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na kwa Ulrich mjukuu huyo ana jina lake.

Mzee asiyeanua tanga

Mwisho wa mchezo unafichua chanzo cha yote, nacho ni msiba. Mwaka 1971, katika ulimwengu wa asili, fundi Tannhaus aligombana na mwanawe usiku wa mvua. Kijana alitoka kwa hasira pamoja na mkewe na mtoto wao mchanga. Gari lao likaanguka darajani, wakafa. Mzee hakukubali. Alijitia kujenga mashine ya kuwarudisha, na alipoiwasha mwaka 1986 ulimwengu wake ulipasuka, zikatokea dunia mbili zilizofungamana kwa maumivu. Jonas yumo katika moja, Martha mwingine yumo katika ya pili.

Kwetu mtu akifiwa nyumba hujaa. Jirani hupika, jamaa hukaa matanga, khitma husomwa, kisha siku ya tatu tanga huanuliwa. Marehemu hasahauliwi kwa hilo. Bali watu wamekubali kwa pamoja kwamba mlango umefungwa, na aliyebaki anahitaji kula, kulala na kurudi kazini. Mzee Tannhaus aliachwa na saa zake peke yake. Hakupata wa kukaa naye jamvini, na huzuni isiyo na wa kuishika mkono ikageuka mashine.

Jonas na Martha wanafika usiku ule wa 1971 na kusimama mbele ya gari. Kijana anageuza, anarudi kwa baba yake, wanapatana. Papo hapo wale wawili wanaanza kutoweka kama vumbi la nuru, kwa kuwa bila msiba ule hawakuwa na asili. Hata safari hii, iliyoleta kheri, imelipiwa na waliosafiri.

Mtazamaji atastaajabia pango na mashine, na ana haki. Lakini asilipite lile gari. Msiba wote ule ulianza kwa mwana kutoka nyumbani amekasirika na baba asiyemkimbilia mlangoni. Neno moja la radhi usiku ule lingewatosha.

Mwaka 2052, inshallah, Ramadhani itaangukia masika tena, nasi hatujui nani atakuwapo kwenye sinia. Aliye na mzazi wa kumtaka radhi, au mwana wa kumsamehe, asingoje mwezi uzunguke.