Kizibo cha gome au kifuniko cha kusokota?



Mpwa wangu wa Hombolo, Dodoma, kaniandikia. Amechoka kuuza zabibu kwa bei anayopangiwa na mnunuzi, sasa anataka kukamua mwenyewe na kutia mvinyo kwenye chupa. Ananiuliza: "Mjomba, wewe si mkemia, na unaishi huko Adelaide katikati ya mizabibu? Nizibe kwa kizibo au kifuniko cha kusokota?" Akiba yake inatosha mashine moja tu. Wasiotumia kilevi wanisamehe, hapa nazungumzia kemia na riziki ya mtu.

Kizibo cha asili ni gome la aina ya mwaloni unaoota Ureno, Hispania na nchi nyingine za Mediterania. Mti hungojewa kama miaka 25 kabla ya kubanduliwa mara ya kwanza, na gome linalofaa vizibo hasa ni la mara ya tatu. Ureno lazima miaka 9 ipite kati ya bandua moja na nyingine. Yaani anayepanda leo anawapandia wajukuu! Gome hilo hubanwa, likiingia shingoni mwa chupa hutanuka likajaa, na hupitisha hewa kidogo sana, jambo linalosaidia baadhi ya mivinyo myekundu kukomaa.

Ubaya wake ni kitu kiitwacho trikloroanisoli, kwa kifupi TCA, ambacho wanakemia wa Uswisi walikitambua mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ukungu ukikutana na dawa za klorini huweza kukizalisha. Hakidhuru mwili, lakini nanogramu chache katika lita zinatosha mvinyo unuke kama boksi lililonyeshewa. Nayajua hayo. Chupa niliyoihifadhi miaka kumi na mbili kwa ajili ya mahafali ya binti yangu, tuliifungua mbele ya wageni, ikaishia kwenye sinki.

Ndiyo maana mwaka 2000 watengenezaji kadhaa wa Riesling wa Clare Valley, si mbali na hapa kwangu, waliamua kwa pamoja kutumia kifuniko cha kusokota. Wenzao wa New Zealand wakafuata 2001. Watu walicheka, ati mvinyo umekuwa soda. Leo huku kukuta kizibo kwenye mvinyo mweupe ndiyo ajabu.

Lakini kifuniko nacho kina mambo yake. Kinachoziba si bati, ni kile kipande chembamba kilichomo ndani. Kikikaa upande, hewa inaingia. Na kikiziba mno, mvinyo usiotayarishwa vizuri hutoa harufu ya salfa, kama yai viza.

Sasa Dodoma. Chupa husimamishwa dukani kwenye joto miezi kadhaa. Mvinyo hutanuka na kusukuma kizibo, nacho kikikauka hunywea. Na wanunuzi wengi hawana kizibuo nyumbani, nimeona kwa macho yangu kizibo kikisukumwa ndani kwa kijiti. Kwa mvinyo wa kunywewa mwaka huohuo, mimi nasema kusokota.

Tatizo ni fedha: kifuniko kinataka chupa zenye hesi shingoni na mashine ya kukibana sawasawa, wakati kizibo hupigwa hata kwa mashine ya mkono. Nimemshauri atafute wakulima wenzake wawili watatu wachangie mashine. Wakikataa, basi aanze na kizibo, achupishe kidogo, auze haraka, na asioshe vyombo wala sakafu kwa dawa ya klorini. Bado nangoja jibu lake.