Taa ya njia ya kwenda mlangoni: umeme, sola au sensa?

Bukoba na Muleba ziko magharibi mwa nchi, lakini zinafuata saa ile ile ya Dar es Salaam. Kwa hiyo jua huchomoza karibu na saa 1 asubuhi na kuzama karibu na saa 1 usiku, mwaka mzima. Mtoto wa Kamachumu anayeondoka saa 11 na nusu alfajiri kwenda shule anatembea gizani, sawa na mama anayefunga genge lake Rwamishenye saa 2 usiku. Taa za barabarani tuwaachie manispaa, halmashauri na TARURA. Kile kipande cha kutoka barabarani hadi mlangoni, katikati ya migomba, ni chako mwenyewe.

Hesabu ya Luku

Tuseme taa inawaka kwa muda wa saa 12 kila usiku kwa siku 30. Mteja mdogo wa TANESCO, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa sh 100 kwa uniti. Mteja wa kawaida hulipa sh 292. Ongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, unapata sh 122 na takriban sh 356. Gharama ya mwezi inakuwa hivi:

- Balbu ya kizamani ya wati 60: uniti 21.6. Mteja mdogo sh 2,635. Wa kawaida sh 7,690.
- Taa bapa ya LED ya kumulika, wati 30: uniti 10.8. Sh 1,318, sh 3,845.
- Balbu 3 za LED za wati 5: uniti 5.4. Sh 659; sh 1,922.
- Balbu moja ya LED ya wati 9: uniti 3.24. Sh 395, sh 1,153.

Balbu ya kizamani peke yake inakula zaidi ya robo ya zile uniti 75. Ukivuka kiwango hicho, kila uniti ya ziada ni sh 350 kabla ya kodi. Balbu inayouzwa kwa bei rahisi dukani inaweza kukutoa kwenye kundi la wateja wadogo.

Mwanga mkali si mwanga mzuri

Wengi hufunga taa moja kali juu ya paa na kuielekeza getini. Anayeingia inampiga machoni, haoni ngazi wala mfereji, na nyuma ya kila mgomba giza linazidi kuwa zito. Mtembea kwa miguu anahitaji mwanga mdogo uliosambaa sawasawa, unaomwonyesha pa kukanyaga na sura ya anayekuja mbele yake. Viwango vya Ulaya vya njia za waenda kwa miguu vinaanzia wastani wa laksi 2 tu. Balbu ya wati 9 yenye lumeni 800, ikiwa mita 3 kutoka ardhini, hutoa takriban laksi 10 chini yake, na karibu laksi 1 ukisogea mita 6 pembeni. Ndiyo maana balbu tatu ndogo zilizopangwa njiani, zenye kofia ya kuelekeza mwanga chini, zinaishinda ile taa ya wati 30 kwa nusu ya gharama ya umeme.

Chagua mwanga wa manjano, ule ulioandikwa 2700K au 3000K kwenye boksi. Wategaji wa senene wanajua kwa nini wanatumia taa kali na mabati: wadudu hufuata mwanga mkali mweupe kuliko wa manjano. Anayetaka senene mlangoni Novemba, shauri yake; anayetaka njia tu, taa ya manjano itamletea wadudu wachache.

Sola: usisome wati, soma betri

Taa ya sola iliyoandikwa "200W" ina paneli ndogo kama daftari. Paneli ya kweli ya wati 200 inakaribia mita moja ya mraba. Ile ya ukubwa wa karatasi ya A4 hutoa kama wati 10. Muulize muuzaji betri. Ya volti 3.2 na Ah 10 inatunza Wh 32. Gawa kwa saa 12: unabaki na wati 2.7 hivi usiku kucha, yaani karibu theluthi moja ya mwanga wa ile balbu ya wati 9. Masika, mawingu yakikaa Bukoba mchana kutwa, hata betri hiyo huenda isijae. Paneli isifungwe chini ya kivuli cha mparachichi. Ilaze karibu bapa, ikiinama kidogo ili mvua ioshe vumbi.

Je, inalipa? Tuchukue mfano wa taa ya sh 45,000 badala ya balbu ya wati 9. Mteja wa kawaida angerudisha fedha yake kwa miezi 39. Mteja mdogo angehitaji zaidi ya miaka 9, na huenda betri ikafa kabla. Lakini sola inawaka umeme ukikatika, na haihitaji waya. Hivyo jumlisha gharama ya waya, paipu na ufundi wa kufikisha umeme hadi getini. Jumla ikizidi bei ya taa ya sola, nunua sola.

Sensa

Kwa uani na chooni, balbu ya wati 9 yenye sensa, ikiwaka jumla ya saa moja kwa usiku, hula chini ya theluthi ya uniti kwa mwezi, ukiacha kinachotumiwa na sensa yenyewe. Isielekezwe kwenye migomba, maana majani yakipepea yanaweza kuiwasha ovyo. Njiani haifai ikiwa peke yake, kwa sababu humwachia mtu giza mpaka afike karibu.

Uamuzi wetu

Mwenye umeme na mlango usio mbali na barabara: balbu ndogo za LED zenye kofia. Mwenye geti la mbali, au asiye na umeme kabisa: sola, baada ya kuuliza betri. Uani: sensa. Na kabla ya kulipia chochote, mwombe muuzaji aiwashe mbele yako, uone mwanga unaangukia wapi.