Kwa Nini Jeraha la Mfupa Uliovunjika Huachwa Bila Kushonwa

Barabara ya lami itokayo Tanga hadi mpakani Horohoro, yapata kilomita 65, hupitiwa na malori yaendayo Mombasa na bodaboda za vijiji vya Mkinga. Bodaboda inapoanguka, muundi huwa hatarini zaidi. Nao ukivunjika hutoboa ngozi upesi, kwa kuwa mbele yake hapana nyama ya kuusitiri. Majeruhi akifikishwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, ndugu huweza kushangaa: ametoka upasuaji, mfupa umetulizwa kwa vyuma, lakini jeraha limefunikwa bendeji tu. Wapo wanaodhani uzi umekwisha.

Mfupa uliogusa udongo umekwisha kubeba vijidudu. Ngozi ikishonwa juu ya uchafu au nyama iliyokufa, vijidudu hupata maficho yenye joto yasiyofikiwa na hewa, mazingira yanayopendwa hasa na vile vya pepopunda. Usaha ukiingia mfupani, tiba huchukua miezi, pengine miaka, na mguu waweza kukatwa.

Kwa hiyo mshono si kazi ya kwanza. Hutangulia dawa za antibiotiki, mapema iwezekanavyo, na sindano ya pepopunda. Kisha jeraha huoshwa kwa lita kadhaa za maji ya chumvi ya hospitali, na nyama iliyokufa hukatwa. Nyama hai ni nyekundu, hutoa damu ikikatwa na hujikunja ikibanwa. Tatizo ni ile iliyo baina ya uhai na kifo, ambayo siku ya kwanza haijajipambanua. Ndiyo maana daktari hurudi kuitazama baada ya saa 48 hivi. Jeraha dogo lililosafishika vizuri huweza kushonwa siku ileile. Hapo uamuzi ni wa mpasuaji.

Wakati wa kufunga, tabaka za ndani hushonwa kwa uzi unaoyeyuka, na ngozi mara nyingi kwa nailoni. Kingo za jeraha zikutane bila kuvutwa kwa nguvu, kwani ngozi iliyokazwa hukosa damu ikafa. Zisipofikiana, ngozi ya paja hupandikizwa. Lakini haishiki juu ya mfupa mtupu, hivyo msuli wa shavu la mguu hugeuzwa kwanza kuufunika. Kazi hiyo yafaa isipite wiki moja.

Nyuzi za mguuni hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14, na zahanati ya karibu yaweza kuifanya kazi hiyo kwa maelekezo ya hospitali. Maji ya bahari na majani yaliyotwangwa yasiguse mshono. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, wekundu ukitambaa, usaha ukitoka au homa ikipanda, nauli itafutwe siku hiyohiyo, hata kama tarehe ya kliniki bado.