Mshubiri mwitu: ua la nyika linalolisha nyuki na ndege

Tunapopamba viwanja vya makanisa yetu, mara nyingi tunachagua maua ya kigeni na kuung'oa mshubiri mwitu kana kwamba ni gugu. Kumbe tunaondoa chakula cha viumbe ambao mashamba yetu yanawategemea.

Mmoja wa mishubiri hiyo, ambao wataalamu huuita Aloe secundiflora, ni mmea wa asili wa nyika za Kenya na Tanzania. Tusiuchanganye na Aloe vera, ambayo asili yake ni Bara Arabu. Majani yake manene huhifadhi maji, hivyo huvumilia ukame unaokausha mimea mingine. Maua yake yana umbo la mirija midogo. Ndege aitwaye chozi huingiza humo mdomo wake uliopinda, akanywa maji matamu ya ua na kuondoka na chavua. Nyuki nao hulifuata ua hilo, na nyuki ndio wanaochavusha maboga, matikiti na alizeti zetu.

Lipo jambo la kuzingatia. Kwa kawaida mshubiri hauzai mbegu kwa chavua yake wenyewe. Huhitaji chavua ya mwenzake. Machipukizi ya shina moja, hata yakijaza kiwanja kizima, ni mmea uleule. Kwa hiyo tuombe mbegu au machipukizi kutoka bustani mbili au tatu tofauti. Tusiing'oe porini, kwani mishubiri ya mwituni inalindwa, na biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES.

Chipukizi liachwe kivulini siku chache hadi kidonda chake kikauke, kisha lipandwe juani, kwenye udongo usiotuamisha maji. Limwagiliwe kwa kiasi, kwa maana maji mengi huozesha mizizi.

Katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alikumbusha kwamba ndege na wadudu wanaoangamizwa na sumu za kilimo ni msaada kwa kilimo chenyewe. Basi tusinyunyizie dawa mimea iliyochanua. Mwenyezi Mungu alimweka mwanadamu bustanini ailime na kuitunza (rej. Mwa 2:15). Kila jumuiya ndogo ndogo ikipanda mishubiri michache kandokando ya kanisa au makaburini, itakuwa imeshiriki utume huo.