Ndege Mweusi wa Bahari Kuu

Mkazi wa Rulenge, wilayani Ngara, hahitaji darubini ili amjue mwewe. Hata akimwona juu sana, jua likiwa nyuma yake na mwili wote ukionekana mweusi, mkia wenye panda unaopindapinda kama usukani humtambulisha mara moja. Rangi haikumsaidia chochote. Kilichomsaidia ni umbo na namna ya kuruka.

Kutoka Rulenge hadi Bahari ya Hindi ni karibu kilomita 1,000 kwa mstari ulionyooka, lakini wanaotafuta ndege kwenye maji ya kina kirefu hutumia njia hiyohiyo. Hawana nyingine. Chombo kinayumba, ndege hupita kwa sekunde chache, na hakuna mti wala nyumba ya kupimia ukubwa wake. Mwanga nao hudanganya: kifua cheupe kikitiwa kivuli na jua huonekana cheusi kabisa.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: anarukaje? Buabua ni mwembamba, mabawa yamechongoka, na huruka kwa wepesi huku mdomo ukielekea chini akitafuta dagaa. Ndege mkubwa anayeitwa sula amechongoka mbele na nyuma, na akiona samaki hujitupa majini kichwa mbele. Kundi la tatu ni la ndege wenye pua za mirija. Hao hukaza mabawa na kuteleza juu ya mawimbi, ncha ya bawa ikikaribia kugusa maji, kisha hupanda na kushuka tena. Wanatumia tofauti ya kasi ya upepo kati ya bonde la wimbi na hewa ya juu, ndiyo maana wanaweza kwenda mbali bila kupiga mabawa mara nyingi.

Kundi hilo la tatu ndilo linalosumbua zaidi, kwa sababu kwenye maji ya Afrika Mashariki baadhi yao ni weusi au kahawia iliyokolea kuanzia kichwani hadi mkiani. Ardenna pacifica, anayezaliana Shelisheli miongoni mwa visiwa vingi, huruka taratibu, mabawa yamekunjwa kidogo na kusukumwa mbele. Mkia wake ni mrefu, na umbo lake la kabari huonekana pale tu anapoufungua akigeuka. Mdomo ni mwembamba, wa kijivu. Ardenna carneipes ni mnene zaidi, na mdomo wake ni mweupe-pinki wenye ncha nyeusi, alama inayoonekana hata kwa mbali. Wa tatu, Bulweria fallax, alielezwa kisayansi na Mfaransa Christian Jouanin mwaka 1955 na huzaliana Sokotra. Ni mdogo kuliko hao wawili, mdomo wake ni mfupi na mnene, na upepo ukivuma huruka kwa kasi akichora tao refu. Anayesubiri rangi imwamulie kati ya hawa watatu atasubiri sana. Mdomo na mwendo ndivyo vya kutazama.

Mahali pazuri pa kujifunzia ni maji yanayozunguka Fungu Kizimkazi, kisiwa kidogo cha matumbawe kilicho takriban kilomita 70 mashariki ya Dar es Salaam. Hapo huzaliana sula mweupe mwenye uso mweusi, pamoja na buabua wa aina kadhaa. Mmoja wao ana mgongo mweusi na paji jeupe linaloishia jichoni. Anafanana mno na mwenzake ambaye mgongo wake ni wa kijivu-kahawia, na weupe wa paji lake ni mstari mwembamba unaopita nyuma ya jicho. Wavuvi nao huwafuata buabua hawa, maana jodari wakisukuma samaki wadogo juu, ndege ndio wa kwanza kufika.

Baharia, mvuvi au abiria akimwona ndege asiyemjua, aandike kwanza alichokiona kabla ya kufungua kitabu: mwendo, mkia, mdomo, kisha rangi, pamoja na tarehe, saa na mahali. Akiwa na picha, hata yenye ukungu, aihifadhi. Kumbukumbu za ndege kutoka maji haya ya mbali ni chache mno, na Atlasi ya Ndege Tanzania inazihitaji.