Sauti Safi na Sauti Yenye Roho

Kati ya wapigaji wa violini, lile zeze la Ulaya lenye nyuzi nne, kuna ulizo la zamani: tutafute kwanza sauti iliyo safi kabisa, ao sauti inayogusa roho? Ulizo hilo linatuhusu pia sisi tunaofundisha kwaya katika parokia zetu za Lubumbashi.

Violini inalia kwa upinde wenye nywele za farasi. Upinde ukipita karibu na kibao kinachobeba nyuzi, sauti inakuwa kali. Ukipita mbali nacho, inakuwa laini. Anayependa ulaini peke yake atapiga wimbo wa kilio kama wimbo wa arusi.

Pablo de Sarasate wa Hispania (1844–1908) alisifiwa kwa sauti tamu isiyo na doa. Joseph Joachim, mzaliwa wa Hungaria (1831–1907), alisifiwa kwa kutafuta maana ya mtunzi. Tarehe 1 Januari 1879, mjini Leipzig, Joachim alipiga mara ya kwanza mbele ya watu konserto ya Brahms. Inasimuliwa kwamba Sarasate aliikataa, kwa sababu katika sehemu ya pili oboe, aina ya filimbi, inaanza wimbo mzuri, na mwenye violini anasimama akisikiliza. Joachim alikubali kungoja. Anayetumikia wimbo hawezi kukosa uvumilivu huo.

Basi, je, mazoezi ni bure? Sivyo. Tuangalie mfano wa Katanga yetu. Mwaka 1958 kwaya ya Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Kamina, iliimba Missa Luba, nayo ikatiwa katika disiki. Maneno ni ya Kilatini, lakini Kyrie inafuata kasala, wimbo wa kilio wa Waluba. Kabla ya disiki hakuna nota iliyoandikwa, na kasala haiimbwi mara mbili sawasawa. Mwimbaji mmoja analia kwa uhuru, kwaya inamwitikia. Lakini wenye kuitikia wakiyumba, yeye ataegemea wapi? Uhuru wa mmoja unabebwa na utaratibu wa wengi.

Kwa hiyo tujihazari na vishawishi viwili. Cha kwanza ni cha mvivu: anakataa kujifunza, akisema, “Mimi naimba kwa moyo.” Moyo wake hausikiki, maana sauti yake inafunika za wenzake. Cha pili ni cha mwalimu anayetaka sifa: anamuondoa mama mzee katika kwaya juu ya sauti iliyochoka, na kumbe ni yeye anayejua kuliko wote maana ya kuomba huruma.

Katekista afanye hivi: kwanza aeleze maneno, nani anayaomba na kwa nini; kisha arudilie mazoezi mpaka watu wasihangaike tena na sauti. Hapo wataweza kusali wanapoimba.