Je, Wajua? Wimbo wa Stevie Wonder unao mwenzake wa Kiswahili, na aliyeuimba ni Mrundi

Shuka barabara ya ziwani kutoka Bujumbura, upite Rumonge kwenye mashamba ya michikichi hadi Kigwena penye msitu wa hifadhi: Kiswahili utakisikia njiani kote, hasa sokoni na kwa wavuvi wa ndagala. Aliyekipeleka Kiswahili cha mwambao huu kwenye muziki wa soul ni Khadja Nin, mzaliwa wa Bujumbura (1959), aliyehamia Ubelgiji mwaka 1980.

Stevie Wonder alitoa wimbo “Free” mwaka 1987, kwenye albamu Characters. Mwaka 1996 Khadja Nin aliutia Kiswahili katika albamu yake Sambolera, akauita “Sina Mali, Sina Deni”. Jina hilo mvuvi wa Kigwena hahitaji kufafanuliwa! Kwangu mimi, hakuna wimbo wa soul uliovaa Kiswahili ukapendeza kuliko huu.

Wengi walimsahau hadi mwaka 2018, alipokaa kwenye jopo la majaji wa tamasha la filamu la Cannes. Kijana anayesaka albamu za jazi na soul aanze na Sambolera, kisha arudi nyuma kwa Ya Pili ya mwaka 1994.